Sarafu ya Fedha ya Baba Mkwe: Ni Mali ya Laki Nane, au ni Mtego wa "Ada ya Usajili"?

Mama mmoja wa Nakuru alifika kwa wakala wetu akiwa na vitu viwili mkononi: simu yake, na sarafu iliyofungwa kwenye kipande cha leso. Alitaka kuweka pesa kwa laini yake ili atume Ksh 12,500. Wakala, ambaye wamejuana miaka mingi, akamuuliza tu kwa mazoea: "Mama, unamtumia nani leo?"

"Mnunuzi," akajibu.

Wakala akaacha kuhesabu noti. "Mnunuzi si ndiye analipa? Sasa mbona wewe ndiye unatuma?"

Swali hilo moja ndilo lililoleta makala haya. Mama alikuwa amepata sarafu hiyo ndani ya sanduku la marehemu baba mkwe wake, ambaye ujana wake wote aliupikia familia ya mlowezi Mwingereza kule Njoro. Aliipiga picha akaiweka kwenye kundi moja la WhatsApp la watu wanaouza vitu vya zamani. Kabla ya jioni, mtu akamwandikia: hiyo ni "tokeni ya fedha ya Uingereza", ya zaidi ya miaka 200, na yuko tayari kuichukua kwa Ksh 850,000. Kitu kidogo tu: alipe kwanza "ada ya usajili" ya Ksh 3,500. Alilipa. Siku ya pili ikaja "kodi ya forodha", Ksh 12,500. Hizo ndizo alizokuja nazo, na zilikuwa karo ya kijana wake wa kidato cha pili.

Tumebadilisha mambo machache ili asitambulike, lakini kisa chenyewe ndivyo kilivyokuwa. Na kilichotushangaza ni hiki: tapeli alikuwa na nusu ya ukweli. Sarafu ilikuwa tokeni ya Uingereza kweli. Ilikuwa ya fedha kweli. Ilikuwa imepita miaka 200 kweli. Uongo ulikuwa kwenye bei, na kwenye njia ya kulipana. Ndiyo maana tumeona tusiishie kusema "jihadhari na matapeli", kwa sababu hilo kila mtu ameshalisikia. Tutakuonyesha sarafu kama hii inatambuliwaje na bei yake inatoka wapi. Mtu anayejua bei ya kitu chake si rahisi kudanganywa.

Tokeni ni nini hasa?

Hapa Kenya ukisema tokeni, watu wanafikiria stima. Unalipa kwa simu, unapokea tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Zile tarakimu zenyewe si stima. Ni ahadi ya stima, na ahadi hiyo inafanya kazi kwenye mita yako pekee. Mpe jirani namba hizo, hazitamsaidia na chochote.

Tokeni ya zamani ya Uingereza ilikuwa na undugu na hiyo. Ilifanana na pesa na ilizunguka kama pesa, lakini haikuwa sarafu ya mfalme. Ilikuwa ahadi ya aliyeitoa: leta tokeni hii kwangu, nitakupa thamani iliyoandikwa. Tofauti ni kwamba ahadi hii ilipigwa chapa juu ya madini ya fedha. Kwa hiyo hata ahadi ilipokufa, madini yalibaki. Kiswahili chetu kina neno moja kwa yote mawili, fedha ya kununulia na fedha ya kuyeyusha, na katika tokeni hizi maana hizo mbili zilikaa ndani ya kipande kimoja.

Kwa nini Uingereza iliishiwa na sarafu

Miaka ya 1790 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na serikali ilikuwa haijatoa sarafu za fedha za kutosha kwa muda mrefu. Bei ya fedha sokoni ilipopanda, ikawa na faida zaidi kuyeyusha shilingi nzito kuliko kuitumia. Zilizobaki mtaani zilikuwa zimesagika hadi sura ya mfalme haionekani. Mwenye kiwanda alikuwa na kazi na wafanyakazi, lakini Jumamosi hana chenji ya kuwalipa mshahara. Mwenye duka naye hivyo hivyo.

Februari 1797 Benki ya Uingereza iliacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu, na watu wakaficha sarafu walizokuwa nazo. Benki ikatafuta njia ya haraka. Ilikuwa na akiba ya dola za Hispania, sarafu kubwa za fedha zilizokuwa zikizunguka dunia nzima. Ikazipiga muhuri mdogo wenye umbo la yai, ndani yake kichwa cha Mfalme George III, ukakaa juu ya shingo ya mfalme wa Hispania. Zikatolewa kwa shilingi 4 na peni 9.

Mwaka 1804 ikajaribu tena kwa muhuri wa pembe nane, kisha ikaamua kupiga chapa sarafu nzima upya. Kazi hiyo ilifanywa na Matthew Boulton kwenye kiwanda chake cha Soho, Birmingham. Ndiyo dola ya Benki ya Uingereza ya shilingi 5. Ukiiangalia vizuri, wakati mwingine utaona mabaki ya maandishi ya Hispania chini ya chapa mpya, kama kuta iliyopakwa rangi juu ya tangazo la zamani.

Bei ya fedha ikaendelea kupanda. Mwaka 1811 Benki ikaongeza thamani ya dola hiyo hadi shilingi 5 na peni 6, kisha ikaanza kutoa tokeni za shilingi 3 na za shilingi 1 na peni 6. Hizi zilitolewa kwa wingi hadi 1816, na ndizo ambazo mtu ana nafasi kubwa zaidi ya kuzikuta kwenye sanduku la mzee.

Lakini si Benki pekee. Mwaka 1811 na 1812 wafanyabiashara na mabenki madogo ya miji kama Bristol, Bath na Sheffield walitoa tokeni zao wenyewe za fedha. Nyingi ziliandikwa ahadi wazi: lete tokeni 20 za shilingi, upewe noti ya paundi moja. Zilitaja jina la aliyetoa na mahali pa kwenda kulipwa. Kule Reading, John Berkeley Monck alitoa tokeni za fedha na hata ya dhahabu ya shilingi 40 mwaka 1812.

Shida ni kwamba nyingi za binafsi zilikuwa na fedha pungufu kuliko thamani iliyoandikwa. Zikikubalika, aliyetoa anapata faida. Akifilisika au akikataa kulipa, hasara ni ya aliyeishika. Bunge likapitisha sheria ya kuzizuia mwaka 1812, ingawa tarehe ya mwisho ilisogezwa mbele zaidi ya mara moja kwa sababu watu hawakuwa na pesa nyingine ya kutumia. Dawa yenyewe ilikuja mwaka 1816, serikali ilipotunga sheria ya sarafu mpya za fedha. Februari 1817 wananchi walipanga foleni kubadilisha za zamani kwa mpya.

Kuanzia hapo, tokeni iliyobaki mfukoni mwa mtu haikuwa tena ahadi. Ilikuwa kipande cha fedha chenye historia.

Muhuri mdogo, wizi mkubwa

Tuko kwenye biashara ya malipo, kwa hiyo sehemu hii tuliisoma mara mbili.

Zile dola za 1797 zilikuwa na udhaifu mmoja: kilichozifanya kuwa pesa ya Uingereza ni muhuri mdogo tu. Waghushi waliliona hilo mapema. Dola ya Hispania isiyo na muhuri ilikuwa na thamani ya chini kidogo kuliko yenye muhuri. Basi fundi anachonga muhuri wa bandia, anaugonga kwenye dola halali, anaweka tofauti mfukoni. Wengine walikwenda mbali zaidi wakagonga muhuri kwenye dola bandia kabisa. Mwaka huo huo wa 1797 Benki ililazimika kuziondoa kwenye mzunguko. Mwaka 1804 muhuri mpya nao ukaghushiwa, na ndiyo sababu ikaamuliwa kupiga chapa sarafu nzima.

Umeona yanavyofanana na ya leo? Ujumbe wa SMS unaosema "umepokea Ksh 50,000" ni muhuri. Ni rahisi sana kuuiga. Pesa yenyewe iko kwenye salio lako. Mwenye duka wa mwaka 1797 aliyetazama muhuri bila kupima sarafu alipigwa, na mwenye duka wa leo anayesoma ujumbe bila kuangalia salio anapigwa vile vile.

Jinsi ya kuitambua, hatua kwa hatua

Jambo la kwanza kabla ya yote: usiisafishe. Usitumie majivu, dawa ya meno, limau, wala steelwool. Ule weusi juu ya fedha ya zamani ndio wanunuzi wa kweli wanautaka. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa inapoteza sehemu kubwa ya bei yake, na hairudi. Ishike kwa kingo, iweke kwenye bahasha ya karatasi, basi.

*1. Soma maandishi.* Tumia kioo cha kukuza au kamera ya simu.

- Tokeni ya Benki ya shilingi 3 ina upande mmoja wenye maneno BANK TOKEN 3 SHILL. na mwaka, ndani ya shada la majani. Upande wa pili una kichwa cha mfalme na maneno GEORGIUS III DEI GRATIA REX.
- Ndogo yake imeandikwa BANK TOKEN 1S. 6D. na mwaka.
- Dola ya 1804 imeandikwa BANK OF ENGLAND, FIVE SHILLINGS DOLLAR, na ina mwanamke aliyeketi, yaani Britannia. Zote zina mwaka 1804, hata zilizotengenezwa miaka iliyofuata.
- Tokeni ya binafsi itakuwa na jina la mji, mara nyingi jina la mtu au kampuni, na neno TOKEN. Mwaka ni 1811 au 1812.

*2. Mtazame mfalme.* Tokeni za Benki za mwanzo, 1811 na baadhi za 1812, zinamwonyesha hadi mabegani, amevaa vazi la kivita. Kuanzia 1812 kikaja kichwa peke yake, kimevikwa taji la majani. Kwa hiyo mwaka 1812 una aina mbili, na ukimwandikia mtaalamu mwambie ni ipi.

*3. Pima uzito.* Nenda kwa sonara, ana mizani inayosoma sehemu za gramu. Ya shilingi 3 ina uzito wa takriban gramu 14.7, ya shilingi 1 na peni 6 takriban 7.4, na dola ya 1804 takriban 27. Kupungua kidogo kwa sababu ya kusagika ni kawaida. Kupungua kwa gramu mbili tatu si kawaida.

*4. Pima upana.* Rula ya shule inatosha. Ya shilingi 3 ni karibu milimita 35, na dola ni karibu milimita 41.

*5. Jaribu sumaku.* Fedha haivutwi na sumaku. Ikinasa, si fedha. Lakini isiponasa usisherehekee bado, kwa sababu shaba pia hainasi.

*6. Tafuta wekundu.* Angalia sehemu zilizoinuka, kama nywele za mfalme na kingo. Ukiona rangi ya shaba inachungulia, hiyo huenda ni bandia ya enzi hizo hizo: shaba iliyopakwa fedha. Waghushi wa miaka hiyo walizitengeneza kwa wingi. Cha kufurahisha ni kwamba hata hizo kuna wanaozikusanya, ila bei si sawa.

Usichanganye na hizi

Hapa kwetu, "sarafu ya fedha ya wazungu" inaweza kuwa vitu vingi. Tumeona nne zikichanganywa mara kwa mara.

*Shilingi ya Afrika Mashariki.* Ina simba mbele ya milima, na upande wa pili mfalme. Za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha, lakini robo tu. Zilizobaki ni madini mengine. Uzito ni karibu gramu 7.8. Ni kumbukumbu nzuri ya familia, na zipo nyingi sana.

*Dola ya Maria Theresa.* Wazee wa pwani waliijua vizuri, ilitumika kwenye biashara ya Bahari ya Hindi kwa vizazi. Imeandikwa mwaka 1780, lakini usidanganyike na mwaka huo. Iliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo hata katika karne ya 20. Ina uzito wa gramu 28 na fedha asilimia 83.

*Rupia ya Mombasa.* Ilitolewa mwaka 1888 na kampuni ya Imperial British East Africa, ikatengenezwa Birmingham, na ina alama ya mizani. Hii nayo ilikuwa pesa ya kampuni, kama zile tokeni. Wakusanyaji wanaithamini, na ni ya historia yetu wenyewe. Ukiwa nayo, itunze.

*Sarafu ya shilingi 40 ya Kenya.* Ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ina picha ya Rais Kibaki. Haina uhusiano wowote na tokeni za Uingereza, lakini tunaitaja kwa sababu maneno ya "nainunua kwa mamilioni" huifuata nayo. Kwa kununulia maziwa, ni shilingi 40.

Bei inatoka wapi?

Bei ya sarafu ya zamani ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni madini. Hii ndiyo sakafu, haiendi chini ya hapo. Tokeni ya shilingi 3 ni gramu 14.7, na fedha yake ni karibu asilimia 90, yaani takriban gramu 13 za fedha. Zidisha kwa bei ya gramu moja siku hiyo. Kwa mfano wa hesabu tu, gramu moja ikiwa Ksh 100, madini ni Ksh 1,300. Bei ya fedha inapanda na kushuka, kwa hiyo uliza ya siku hiyo. Na ujue sonara naye atataka kubaki na kitu.

Ya pili ni uhaba. Umri peke yake si bei. Hapa ndipo wengi wanateleza. Tokeni za Benki za 1811 hadi 1815 zilitengenezwa kwa wingi na wakusanyaji wanazo tele. Za shilingi 3 za 1816 ni chache, na zinauzwa ghali zaidi kwa mbali. Kwa tokeni za binafsi inategemea mji na aina. Baadhi zimebaki chache mno, nyingine ni za kawaida. Wataalamu hutumia orodha iliyoandikwa na R. Dalton, iliyochapishwa mwaka 1922, yenye namba ya kila aina. Mnunuzi wa kweli wa tokeni ya binafsi atakutajia namba yake bila kusukumwa.

Ya tatu ni hali yake. Je, nywele za mfalme zinaonekana mojamoja au zimekuwa bapa? Kuna tundu? Ilisuguliwa? Tundu ni jambo la kawaida hapa kwetu, kwa sababu sarafu nyingi za fedha zilitobolewa zikavaliwa shingoni. Ni urembo wenye heshima yake, lakini kwa mkusanyaji tundu hupunguza bei sana.

Ukijumlisha yote, tokeni ya kawaida ya shilingi 3 iliyotumika huuzwa Uingereza kwa makumi ya paundi. Kwa pesa yetu ni elfu kadhaa. Ikiwa safi sana, karibu kama ilivyotoka kwenye mashine, itapanda zaidi ya hapo. Lakini Ksh 850,000 kwa tokeni ya kawaida, kwa picha moja ya WhatsApp, bila kuuliza hata uzito? Hakuna.

Hilo ndilo tungependa ulikumbuke kuliko yote. Mnunuzi wa kweli ana maswali mengi na bei ndogo. Tapeli ana bei kubwa na hana maswali.

Kuuza bila kupigwa

Nyumba za mnada huwa zinachukua kamisheni. Lakini kwa kawaida wanaikata kutoka kwenye bei baada ya kuuza. Hukuti unatuma pesa kwanza kwa namba ya mtu binafsi. Zingatia haya:

- Pesa inatoka kwa mnunuzi kuja kwako. Ukiombwa ada ya usajili, cheti, kodi, bima au "kufungua faili" kabla ya kulipwa, simama hapo. Iwe Ksh 12,500 au mia tano, mtego ni ule ule.
- Angalia jina kabla ya kuthibitisha. Mtu anasema yeye ni kampuni ya mnada ya London, lakini jina linalotokea kwenye skrini ni la mtu binafsi wa hapa hapa? Usibonyeze.
- Amini salio, si ujumbe. Ukiambiwa umelipwa, fungua menyu yako mwenyewe uangalie salio. Picha ya skrini si malipo.
- Jihadhari na "nimetuma zaidi kwa makosa". Anakutumia ujumbe wa uongo wa Ksh 58,000 badala ya 5,800, kisha analia umrudishie tofauti. Salio lisiposoma, hakuna cha kurudisha. Na ikiwa pesa imeingia kweli kwa makosa, mwelekeze apige huduma kwa wateja ili irudishwe kwa utaratibu.
- PIN haihusiki na kupokea pesa. Hakuna mnunuzi, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji PIN yako au namba za uthibitisho ulizotumiwa kwa SMS.
- Mkutane mahali pa watu. Kwa sonara au kwenye benki. Usimpe sarafu "aende kuipima" peke yake.
- Pata maoni mawili. Mtu mmoja akisema elfu tano na mwingine laki nane, tofauti hiyo yenyewe ni jibu.

Na kabla hujaiposta nje ya nchi: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu iliyoletwa na mlowezi baada ya hapo ni jambo lingine, lakini kama hujui ilifika lini, uliza kwanza Makumbusho ya Taifa. Usitarajie wakutajie bei. Kwa kawaida makumbusho hayafanyi hivyo.

Ahadi yetu nayo iko wapi?

Huenda unajiuliza: kama tokeni ni ahadi tu, pesa iliyo kwenye simu yangu nayo si ni ahadi? Ndiyo. Ni swali zuri, na ndilo watu wa Bristol na Sheffield walipaswa kuuliza mwaka 1811.

Tofauti iko kwenye kinachosimama nyuma ya ahadi. Mfanyabiashara wa enzi hizo alitoa tokeni, na hakuna aliyemkagua kama ana noti za kuzilipa zote. Kwetu, Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa ya 2011 na kanuni zake za 2014 zinataka pesa za wateja ziwekwe kwenye akaunti za amana katika benki, mbali na pesa za kampuni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya. Shilingi moja kwenye simu yako ni shilingi moja iliyowekwa kando. Mteja ana haki ya kulijua hilo.

Na mama wa Nakuru?

Wakala alimshauri asitume. Wakaenda pamoja kwa sonara wa mtaa wa pili. Mizani ikasoma gramu 14.6. Maandishi: BANK TOKEN 3 SHILL. 1813. Kichwa cha mfalme kimesagika lakini kinasomeka, na hakuna tundu. Tokeni halali ya Benki, ya mwaka wa kawaida. Sonara akamwambia atampa bei ya madini tu, na kwamba mkusanyaji angempa zaidi kidogo akimpata.

Yule "mnunuzi" aliandikiwa ujumbe mmoja: njoo Nakuru uilipie mkononi. Hakujibu. Kesho yake namba ilikuwa imezimwa. Zile Ksh 3,500 za mwanzo zilikuwa zimeshatolewa saa ile ile zilipotumwa, na hadi leo hazijarudi. Tulimsaidia kuandika ripoti polisi kwa kutumia namba za miamala, na tunakuomba ufanye vivyo hivyo likikupata: hifadhi ujumbe, usifute mazungumzo, na utupigie mara moja. Dakika za kwanza, kabla mwizi hajatoa pesa, ndizo zenye nafasi.

Karo ya kijana ililipwa siku hiyo hiyo, palepale kwa wakala, kwa zile Ksh 12,500. Sarafu imerudi kwenye leso yake. Mama anasema haiuzi kwa sasa. Baba mkwe aliitunza maisha yake yote bila kumwambia mtu ni ya nini, naye anataka watoto waijue kwanza.

Ikiwa wewe pia una sanduku la mzee nyumbani, lifungue. Soma, pima, piga picha, lakini usisugue. Na mtu akikutajia bei inayokupa kizunguzungu, mjibu kwa lile swali la wakala: kama wewe ndiye mnunuzi, mbona mimi ndiye natuma?